Namba ya Baada ya Kipenga

Mwamuzi alipuliza kipenga cha mwisho saa 12 kasorobo jioni, tukiwa tumetoka sare ya mabao mawili kwa mawili na maveterani wa upande wa bandarini. Nilijivuta hadi chini ya mwembe ulio pembeni mwa kiwanja cha shule yetu hapa Tanga, nikatoboa ncha ya kidole, kwa kuwa nina kisukari, nikagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia, na mashine ya kupima sukari ikahesabu sekunde tano kisha ikaonyesha 13.8, yaani milimoli za sukari kwa kila lita ya damu. Kabla ya mechi ilikuwa imeonyesha 7.1. Nilikuwa nimecheza dakika zote 70, nimekimbizana na mshambuliaji aliyenizidi kasi na kunizidi umri kwa pamoja, sikuwa nimetia kitu mdomoni zaidi ya maji, na bado sukari ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyoanza nayo. Nilichukia, maana nilikuwa nimeaminishwa, kama watu wengi, kwamba mazoezi hushusha sukari, nami nilikuwa nimefanya mazoezi hadi miguu ikaniuma.

Nilipofika nyumbani nilioga, nikachukua sindano na kuongeza yuniti tano za insulini ya kushusha sukari, ile iliyo angavu kama maji, juu ya zile sita ambazo huwa nazichoma kila jioni, ili niikomeshe ile 13.8. Insulini yangu ya usiku, ile yenye weupe wa maziwa ambayo chupa yake lazima iviringishwe viganjani kabla ya kuvutwa, nilichoma yuniti 14 kama kawaida. Wali na samaki uliokuwa mezani sikuumaliza, kwa kuwa uchovu ulikuwa umeninyima hamu ya kula, nikapanda kitandani nikiwa nimejiridhisha kwamba mambo yamekaa sawa.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Saa nane usiku mke wangu aliamshwa na sauti yangu, nami nilikuwa nikiita mahudhurio ya Darasa la Sita, jina moja baada ya jingine kwa mpangilio sahihi wa daftari, huku shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa. Aliniita, "Baba watoto, unasema nani hayupo?", nikamjibu kwa ukali akae chini. Alipowasha taa na kunipima, mashine ilionyesha 2.1. Kwa bahati nilikuwa bado naweza kumeza, hivyo alinikalisha, akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, akaninywesha kidogo kidogo. Angenikuta nimezimia asingenitia kitu mdomoni, kwa kuwa kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Angenilaza ubavu na kutafuta gari la kunipeleka hospitali. Baada ya dakika 15 nilikuwa 3.4, akarudia glasi nyingine, na nilipofika 5.2 alinipa chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate ili sukari isishuke tena kabla ya kupambazuka. Asubuhi sikukumbuka chochote isipokuwa kichwa kilichokuwa kikiniuma.

Mama mkwe alipopata habari alikuja siku hiyohiyo, akakaa kwenye mkeka akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Baba, mpira waachie watoto." Sikumbishia, kwa kuwa mama mkwe habishiwi, lakini sikukubali moyoni. Nimeishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu mwaka wa pili wa chuo cha ualimu, yaani kongosho langu haliwezi tena kutengeneza insulini na kila tone la insulini linaloingia mwilini mwangu ni lile nililolichoma mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichonifanya nijione mzima kama kukimbia. Tena kuna watu walioambiwa maneno mazito kuliko yale ya mama mkwe. Nacho Fernández, beki aliyeichezea Real Madrid kwa miaka mingi, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu akiwa na umri wa miaka 12, na ameeleza hadharani kwamba daktari wa kwanza aliyemwona alimwambia mpira kwake umekwisha, kauli ambayo daktari mwingine aliitangua siku chache baadaye. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 mtu huyo aliifungia Hispania bao dhidi ya Ureno katika ile sare ya 3–3. Sikujilinganisha naye kwa kipaji. Nilichojiuliza ni yeye anajua nini ambacho mimi sikijui.

Jibu la kwanza nilipewa na muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mtu mzima ambaye hutuuliza maswali kama wakili. Aliichukua karatasi niliyoandika vipimo vyangu, akaweka kidole juu ya 13.8, akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa mgeni wa kupita, nawe ukamwitia polisi." Kisha akanieleza jambo ambalo natamani ningelielezwa miaka mingi kabla. Mtu anapokimbia kwa nguvu zote, anapogombea mpira, anapoogopa kufungwa dakika za mwisho, mwili humwaga adrenalini, homoni ya dharura, na adrenalini huliamuru ini litoe sukari iliyohifadhiwa ili misuli ipate nishati ya haraka. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho hutoa insulini ya kusawazisha ongezeko hilo mara tu mbio zinapokwisha, na wala hajui kama kuna kitu kilipanda. Kwangu mimi hakuna wa kusawazisha, kwa hiyo sukari hubaki juu kwa muda, mara nyingi saa moja au mbili, kisha huanza kushuka yenyewe. Namba niliyoiona chini ya mwembe ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa inaeleza dakika ile tu, nami niliichukua kana kwamba inaeleza usiku mzima.

Usiku wenyewe ulikuwa na hesabu yake. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa kidogo, na baada ya mchezo huendelea kuivuta ili kujaza akiba iliyotumika, huku ikiitikia insulini kwa wepesi kuliko siku za kawaida. Hali hiyo inaweza kuendelea usiku kucha na hata siku nzima ya pili. Insulini angavu ninayotumia hufikia kilele chake kati ya saa mbili na saa nne baada ya kuchomwa, na ile ya maziwa hufikia kilele kuanzia saa ya nne hivi hadi ya kumi, kwa hiyo yuniti tano za hasira nilizoziongeza jioni zilikuwa hazijaisha vizuri wakati yuniti 14 za usiku zinapanda, na zote mbili zilikuta misuli yenye njaa na tumbo lenye nusu sahani ya wali. Mambo hayo yalikutana saa nane usiku, saa ambayo mtu amelala na hawezi kuhisi mkono ukimtetemeka.

Tangu hapo sipangi sindano ya jioni kwa kipimo cha baada ya kipenga. Nikikuta sukari imepanda baada ya mechi kali, kwanza natembea taratibu kuzunguka kiwanja kwa robo saa, nakunywa maji, narudi nyumbani, na ninapima tena baada ya saa moja. Mara nyingi nakuta imeshaanza kuteremka bila msaada wangu. Ikiwa bado iko juu sana nachoma nusu tu ya kile ambacho ningechoma siku nyingine, na insulini ya usiku naipunguza kwa sehemu moja ya tano, kiasi ambacho tulikubaliana na daktari na ambacho mwenzangu mwenye uzito mwingine, dawa nyingine na mchezo mwingine asikichukue kama kilivyo bila kuzungumza na watu wake wa kliniki. Chakula cha jioni nakimaliza hata kama sina hamu nacho. Nikiwa chini ya 7 kabla ya kulala naongeza kitu, kwa kawaida kikombe cha maziwa na kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, na naweka kengele ya simu iniamshe saa nane. Mke wangu alikuwa akinung'unikia kengele hiyo, lakini baada ya yale mahudhurio ya Darasa la Sita huwa ndiye anayenikumbusha kuiweka.

Nilipokuwa nimeanza kuuelewa mpira, nilidhani nimeelewa mazoezi yote, kumbe mbio za pole zina tabia nyingine kabisa. Asubuhi za likizo hukimbia kutoka nyumbani hadi Raskazone na kurudi kwa mwendo ambao naweza kuzungumza na mtu huku nakimbia, na katika mwendo huo adrenalini ni kidogo, kwa hiyo hakuna anayeliamuru ini limwage sukari kwa wingi wakati misuli inaendelea kuila. Kwangu nusu saa ya mwendo huo inaweza kuondoa 3 au 4 kwenye kipimo. Nikiondoka nyumbani na 6, ambayo mtu anayesubiri kifungua kinywa angejivunia, narudi nikiwa chini ya 3.9, yaani tayari nimeingia kwenye eneo la hatari. Ndiyo maana kwa mbio za namna hiyo napenda kuanza nikiwa kati ya 7 na 10, na nikiwa chini ya hapo nakula ndizi moja mbivu kwanza. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia walichapisha jaribio dogo lililoonyesha kwamba mbio za nguvu zote za sekunde 10, zikifanywa mara tu baada ya mazoezi ya kadiri, ziliizuia sukari isiendelee kushuka katika saa mbili zilizofuata. Nilipoelezwa habari hizo nilianza kumalizia mbio zangu kwa kuchanja mbuga kutoka kwenye kona ya mwisho hadi mlangoni, jambo ambalo limewapa majirani kazi ya kuuliza ninakimbizwa na nani.

Mahali pa kuchoma nako kumenifundisha. Zamani nilikuwa nikichoma pajani asubuhi za mbio kwa sababu ni rahisi kufikia, bila kujua kwamba mguu unaofanya kazi hupitisha damu nyingi na kuifanya insulini iingie haraka kuliko ilivyokusudiwa, na joto la Tanga la mwezi wa pili huongeza kasi hiyohiyo. Siku hizi siku ya mazoezi nachoma tumboni.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuhusu sukari kushuka. Kuna mwaka nilisafiri kwenda msibani nikasahau mkoba wa insulini nyumbani, nikakaa siku moja na nusu bila sindano, na niliporudi nilijipima nikakuta 19. Badala ya kuchoma na kutulia, nilijiambia nitaichoma sukari hiyo kwa miguu, nikavaa viatu nikaenda kukimbia. Baada ya kilomita mbili nilianza kutapika kando ya barabara, pumzi ikawa nzito na yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na jirani mwenye bajaji ndiye aliyenifikisha hospitali, nilikokaa siku tatu na dripu mkononi. Insulini isipokuwepo kabisa, seli haziwezi kuitumia sukari ipasavyo hata kama damu imejaa sukari, hivyo mwili huanza kuvunja mafuta na kutengeneza ketoni, ambazo ni tindikali zinazoisumu damu. Ini nalo, likidhani kuna njaa, huzidi kumwaga sukari, na mtu anayekimbia katika hali hiyo huongeza kuni kwenye moto. Sasa nikikuta zaidi ya 14 bila sababu ninayoifahamu, napima ketoni kwa kijiti cha mkojo, na zikionekana sivai viatu. Siku hiyo ni ya insulini, maji na kliniki.

Mashine nayo inaweza kukudanganya kwa njia ambayo haina uhusiano wowote na mwili wako. Wakati wa mapumziko timu yetu hula machungwa ya Muheza, ambayo mtunza vifaa huyaleta kwenye kikapu yakiwa yameshamenywa na kukatwa vipande, na siku moja nilikula kipande kimoja, nikafuta mkono kwenye bukta, nikapima, nikapata 17.4. Nilitaka kuomba nitolewe. Kipa wetu, ambaye hana kisukari wala hajawahi kusoma chochote kuhusu kisukari, aliniuliza kwa nini kidole changu kinang'aa. Nilinawa kwa maji na sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine, nikapata 5.3, ambayo kwa dakika 35 zilizobaki ilimaanisha kinyume kabisa cha ile ya kwanza: nilihitaji kula, na kama ningekuwa na sindano mkobani huenda ningejichoma. Nilikula vipande vitatu zaidi vya chungwa nikarudi uwanjani.

Dalili za sukari kushuka uwanjani zinajificha. Vitabu vya kliniki husema jasho, moyo kwenda mbio, kutetemeka, njaa, uchovu, nami huwa najiuliza ni mchezaji gani wa miaka 40 na zaidi asiye na dalili hizo zote dakika ya 60. Dalili yangu ya kweli waliigundua wachezaji wenzangu kabla yangu. Nikianza kutoa pasi kwa watu ambao hawapo na kugombana na mwamuzi kwa mpira wa kurusha, nahodha hupaza sauti, "Mwalimu apewe soda!", na wala hanisubiri nikubali. Nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 15 za sukari, ambayo ndiyo dozi ya kuanzia kwa mtu mzima, kisha husubiriwa dakika 15 na kupima tena. Soda iliyoandikwa kwamba haina sukari haifai kitu hapo, na kuna siku mgeni mwenye nia njema aliniletea hiyo kwa sababu alisikia nina kisukari. Maji ya dafu nayo, ambayo sisi watu wa pwani tunayaamini kwa kila jambo, yana sukari kama nusu ya ile ya soda kwa ujazo uleule au pungufu zaidi, na hakuna anayejua dafu lipi lina kiasi gani, kwa hiyo nayanywa kwa kiu tu. Mkobani nina glukosi ya unga niliyoipima na kuifunga kwenye vikaratasi, pamoja na tende kwa ajili ya baadaye, maana tende huchelewa kidogo kufika kwenye damu kuliko glukosi tupu.

Baada ya usiku mbaya sichezi siku inayofuata, hata kama ni fainali. Hili lilinigharimu nafasi katika bonanza la Pasaka na nililalamika sana, lakini mwili uliotoka kushukiwa na sukari huwa umechoka kupiga kengele: adrenalini inayotakiwa kukuonya mara ya pili hutoka kidogo, dalili huwa dhaifu, na unaweza kuteremka hadi chini kabisa ukiwa unadhani umzima. Mwezi wa Ramadhani pia, timu inapofanya mazoezi kabla ya futari, mimi huwa mshika saa.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili hudhani kwamba mtu ana vijiti vya kupimia visivyokwisha, au ana kile kifaa kinachobandikwa mkononi ambacho husoma sukari kila dakika chache na kuonyesha kwa mshale kama inapanda au inashuka. Nimekiona kwa mtalii mmoja ufukweni, nikakitamani kama mtoto anavyotamani baiskeli ya jirani. Mimi mshale wangu nautengeneza kwa vipimo viwili vilivyoachana kwa saa moja, na kila kipimo ni kijiti ambacho hakirudi kwenye kopo.

Leo ni Alhamisi usiku na kopo lina vijiti tisa. Kliniki ni Jumatano ijayo, ambapo watanipima kwa chao, na Jumapili tunarudiana na wale wa bandarini. Jumapili peke yake inahitaji vitano: kabla ya mechi, mapumziko, saa moja baada ya kipenga, kabla ya kulala, na saa nane usiku. Vinne vilivyobaki ni vya asubuhi za Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu na Jumanne, kimoja kimoja. Kimoja kikiharibika, kama vinavyoharibika mara nyingine tone la damu likiwa dogo, nitakitoa kafara kile cha mapumziko, nile machungwa bila kupima na nahodha anitazame pasi zangu. Cha saa nane usiku nimeshakitenga, nimemkabidhi mke wangu akiweke kwenye droo yake.